Sura ya PDF Ikibaki Ile Ile, Je, Hati Nayo Imebaki?

Ombi lenyewe huja kwa maneno mepesi. Chuo kimetoa vyeti mia kadhaa, jina la kozi limekosewa herufi moja, faili la Word lililotumika kuviandaa halionekani tena kwa sababu aliyelitengeneza amehama kazi, na kilichobaki kwenye seva ni rundo la PDF. Mtaalamu wa kompyuta anaitwa na kuelezwa aandike programu itakayopita kwenye faili zote, ibadilishe neno hilo moja, na iache kila kitu kingine kama kilivyo: nembo, mistari, nafasi, aina ya herufi, hata mahali alipotia saini mkuu wa chuo. Ombi la namna hiyo hutoka pia kwa mawakili wenye mikataba, kwa benki zenye taarifa za akaunti, na kwa wizara ambazo sanduku lao la posta limebadilika ilhali fomu zao zimeshasambaa. Anayeomba hudhani ameomba jambo dogo, na anayeombwa, akiwa mgeni wa kazi hii, huitikia kwa moyo mkunjufu.

Ninachotaka kukipinga hapa ni kigezo tunachokitumia kuipima kazi hiyo inapokamilika. Tunafungua faili jipya kando ya lile la zamani, tunalinganisha kwa macho, na tukiona kurasa zinafanana tunasema mpangilio umehifadhiwa. Kigezo hicho ni pungufu. PDF hutazamwa na jicho, lakini pia husomwa na mashine zinazotafuta, zinazonakili na zinazowasomea wasioona, na mara nyingi imefungwa kwa saini ya kidijitali inayothibitisha kwamba haikuguswa. Uhariri uliolinda kile kinachoonekana tu, huku maandishi yaliyomo yakisema jingine na saini ikivunjika kimyakimya, umeiharibu hati hata kama hakuna aliyegundua.

Chanzo cha ugumu huu si uzembe wa waliounda PDF. Kampuni ya Adobe, iliyoanzishwa mwaka 1982 na John Warnock na Charles Geschke baada ya kuondoka katika kituo cha utafiti cha Xerox kule Palo Alto, ilijijengea jina kwa PostScript, lugha ya kuielekeza printa mahali pa kuweka kila alama ya wino. Mwaka 1991 Warnock aliandika waraka mfupi kuhusu mradi alioupa jina la Camelot, akilieleza tatizo la ofisi za wakati ule: hati iliyoandaliwa kwenye kompyuta moja haikuweza kutumwa kwenye kompyuta nyingine ya aina tofauti ikafunguka na kuchapika vilevile. Jibu lilikuwa kuyachukua yale ambayo printa ingeambiwa na kuyafunga ndani ya faili linaloweza kusafiri. PDF ilitoka mwaka 1993, ikawa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2008, na toleo la 2.0 likafuata mwaka 2017. Mengi yaliongezwa katika safari hiyo, kuanzia fomu hadi video, ila msingi wa ukurasa haukubadilika. Word huhifadhi aya, vichwa na pambizo, kisha hupanga mistari upya kila faili linapofunguliwa. PDF huhifadhi matokeo ya upangaji huo, na haina kumbukumbu ya upangaji wenyewe. Anayetaka kubadilisha neno ndani yake yuko mahali pa mtu anayechomoa mwaa mmoja katikati ya mkeka uliokwisha kushonwa ili aingize mwaa mpana zaidi: huo mpya unaweza kuingia, lakini jirani zake hawana habari kwamba wanatakiwa kusogea.

Tulitazame jambo hili kwa karibu. Ukifungua ukurasa wa cheti na kuifumua data yake, kwa kuwa kwa kawaida huwa imebanwa kwa mbinu ileile inayotumika katika faili za ZIP, mstari wenye jina la mhitimu unaweza kuonekana hivi:

BT /F1 24 Tf 237.5 420 Td (Asha Juma) Tj ET

Maana yake ni kwamba maandishi yaanze, itumike fonti iliyosajiliwa kwa jina la F1 kwa ukubwa wa pointi 24, kalamu isogee pointi 237.5 kutoka ukingo wa kushoto na pointi 420 kutoka chini, ichore maneno Asha Juma, kisha maandishi yaishe. Pointi 72 hufanya inchi moja, na karatasi ya A4 ina upana wa takriban pointi 595. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba jina hilo lilitakiwa kukaa katikati ya ukurasa. Programu iliyotengeneza cheti ililijua hilo, ikapiga hesabu, ikaandika jibu la hesabu na kuitupa hesabu yenyewe.

Sasa tuseme mwenye cheti anapaswa kuwa Mwanaidi Juma. Fonti ya Helvetica hutaja upana wa kila herufi kwa sehemu za elfu za ukubwa wa fonti: A ina 667, s ina 500, h na a zina 556 kila moja, na hivyo Asha kwa jumla ni 2,279. Mwanaidi, kwa M yake ya 833 na w yake ya 722, inafika 4,223. Kwa ukubwa wa pointi 24 tofauti hiyo ni karibu pointi 47, yaani kama milimita 16. Programu ikibadilisha maneno yaliyo ndani ya mabano na kuziacha namba zilivyo, jina jipya litaanza palepale lilipoanza la zamani, litaishia milimita 16 mbele zaidi, na katikati yake itakuwa imehamia kulia kwa milimita nane. Kwenye cheti, milimita nane huonekana na kila mtu. Mstari uliochorwa chini ya jina nao hautarefuka, kwa sababu umechorwa kwa amri yake pekee na haujui kwamba uko pale kwa ajili ya jina.

Kwa hiyo hata badiliko dogo kabisa linaidai programu iirudishe hesabu iliyotupwa. Inabidi itambue kutokana na namba tupu kwamba jina lilikuwa limewekwa katikati, ipime jina jipya kwa fonti ileile, ipate mahali papya pa kuanzia, kisha iamue kama mstari ulio chini ni wa jina au ni wa pambo la ukurasa. Na hilo ni jina moja tu, lililo peke yake kwenye mstari wake. Katika aya iliyonyooshwa kingo zote mbili, neno moja likirefuka linalazimisha mstari mzima kupangwa upya, neno la mwisho kushuka, mistari inayofuata kusukumwa, na pengine jedwali lililo chini ya aya kuhamia ukurasa wa pili. Ndani ya amri za ukurasa hakuna kitu kinachoitwa aya wala jedwali. Programu inavibuni kutokana na umbali kati ya mistari na jinsi herufi zilivyojipanga wima. Ubunifu huo ukikosea mara moja katika kurasa mia, hakuna ujumbe wowote wa hitilafu utakaotokea.

Isitoshe, neno linalotafutwa huenda lisiwepo kama neno. Programu za kupanga chapa huzisogeza karibu herufi fulani zinazofuatana, kama vile T na a, na hivyo neno Tarehe linaweza kuandikwa [(T) 120 (arehe)] TJ, likiwa limekatwa vipande viwili na namba katikati. Kuna faili ambamo kila herufi imewekewa mahali pake peke yake, na nafasi kati ya maneno haikuandikwa kabisa, maana nafasi ni mahali pasipo na wino. Kwa maandishi ya Kiswahili iko mitego mingine ambayo miongozo ya zana hizi haiitaji. Hati zilizopangwa kwa TeX, programu ya kupanga chapa, mara nyingi huziunganisha f na i kuwa umbo moja, na kwa hiyo anayetafuta ofisi, afisa au ufisadi anaweza kuambiwa kwamba hakuna hata moja wakati ukurasa umejaa. Kisha ipo alama ya ng'. Majina kama Ng'ang'a na Ng'wandu huandikwa na huyu kwa alama iliyonyooka na yule kwa alama iliyopinda, ambazo kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti, U+0027 na U+2019. Programu inayolinganisha herufi kwa herufi itampita mtu huyo bila kosa lolote, itatoa taarifa kwamba kazi imekamilika, na cheti chake kitabaki na dosari ileile ya mwanzo. Nalitilia mkazo jambo hili kwa sababu zana nyingi hujaribiwa kwa maandishi ya Kiingereza, na makosa yanayohusu majina ya watu wetu hatuna budi kuyatafuta sisi wenyewe.

Fonti ndiyo inayowashinda wengi. Ili faili lisiwe kubwa, programu inayotengeneza PDF haiingizi fonti nzima. Huingiza maumbo ya herufi zile tu zilizotumika katika hati, kisha hulitangulizia jina la fonti herufi kubwa sita na alama ya kujumlisha, ili ijulikane kwamba hiki ni kipande. Ikiwa jina la mhitimu lilipangwa kwa fonti ya mapambo isiyotumika mahali pengine kwenye cheti, basi faili la Asha Juma lina maumbo ya A, s, h, a, J, u na m, na si zaidi. Mwanaidi anahitaji M, w, n, i na d, na hata moja kati ya hizo haimo. Programu isiyo makini itaandika jina na kuacha visanduku vitupu, au kisomaji cha PDF kitachukua fonti nyingine inayokaribiana, na hapo ndipo tunapoiona ile hati ambayo neno moja katikati ya mstari lina sura ngeni isiyoelezeka. Tiba ni kuipata fonti yenyewe kamili na kuiingiza upya, jambo linalohitaji faili la fonti na leseni yake. Kinachoumiza zaidi ni kwamba katika faili nyingi za siku hizi kilichomo ndani ya mabano si herufi bali namba za maumbo, na uhusiano wa namba hizo na herufi halisi umewekwa katika jedwali la pembeni liitwalo ToUnicode. Jedwali hilo likikosekana au likiwa na makosa, ukurasa utaonekana safi kabisa ilhali anayenakili maandishi yake anapata vurugu tupu. Mhariri anayeongeza herufi kwenye fonti na kusahau kulirekebisha jedwali anazalisha hati ya namna hiyo.

Ugumu wote huo ndio unaowasukuma watu kwenye njia ya mkato, nayo ni kuchora mstatili mweupe juu ya maandishi ya zamani na kuandika mapya juu yake. Kwa jicho imetimia. Maktaba karibu zote za programu zinaiwezesha kwa mistari michache ya msimbo, na mafunzo mengi ya mtandaoni huifundisha bila onyo. Ndani ya faili, hata hivyo, maandishi ya zamani yamo yote. Anayetafuta jina la zamani atalipata, anayenakili mstari atapata majina mawili, na mfumo unaosoma hati ili kuingiza taarifa kwenye hifadhidata unaweza kuchukua lolote kati ya hayo mawili. Tarehe 8 Januari 2019 mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kuiongoza kampeni ya Donald Trump, waliwasilisha mahakamani mjini Washington hati ambayo sehemu zake zilifunikwa kwa rangi nyeusi. Waandishi wa habari waliyachagua maandishi yaliyofunikwa, wakayanakili na kuyabandika kwingine, na kila kitu kikasomeka, yakiwemo madai kwamba Manafort alimpa mshirika wake wa kibiashara, Konstantin Kilimnik, takwimu za kura za maoni. Rangi nyeusi na rangi nyeupe hapa hazina tofauti. Taasisi inayofunika namba ya kitambulisho cha mwananchi kwa mstatili na kuliweka faili kwenye tovuti yake imeichapisha namba hiyo.

Njia iliyo sahihi zaidi, pale ambapo hakuna budi kuigusa PDF yenyewe, ni kuyaondoa kwanza maandishi ya zamani kwenye amri za ukurasa, na baada ya hapo kuandika mapya mahali palipobaki wazi. PyMuPDF, kwa mfano, ambayo ni maktaba ya lugha ya Python, hutafuta neno na kurudisha mistatili ya mahali lilipo, huruhusu mistatili hiyo itiwe alama ya kufutwa, na ufutaji ukitekelezwa herufi zilizo ndani yake huondolewa kweli. Nayo ina mitego yake: mstatili ukiwa mkubwa kidogo unagusa herufi za mstari wa juu na kuondoka nazo, kwa hiyo katika hati yenye mistari iliyobanana inafaa kuupunguza kimo chake kabla ya kutekeleza. Ipo pia njia ya kuigeuza PDF kuwa Word, kuhariri na kuirudisha, na sioni sababu ya kuipendekeza kwa hati ambayo sura yake ni sehemu ya thamani yake. Ugeuzaji huo ni ukisiaji juu ya ukisiaji. Barua ya ukurasa mmoja huvumilia, lakini jedwali la hesabu lenye safu wima tisa hurudi likiwa limepinda.

Juu ya amri za ukurasa kuna muundo wa faili lenyewe. Mwishoni mwa PDF ya jadi kuna jedwali linalotaja kila kitu kilichomo kinaanzia baiti ya ngapi kutoka mwanzo, kila ingizo likiwa na baiti 20 kamili. Mtu akilifungua faili kwa kihariri cha kawaida na kuongeza herufi tatu, namba zote zinazofuata zinakuwa za uongo. Visomaji vingi hujaribu kulijenga jedwali upya vinapokuta hitilafu, na ndiyo maana watu hudhani hawakuharibu chochote. Programu ya qpdf inaweza kuliandika faili katika umbo linalosomeka na binadamu na kuzirekebisha namba baada ya uhariri, na ningependa kila anayeanza kazi hii atumie muda akizisoma faili zake kwa njia hiyo kabla ya kuandika msimbo wowote. Kiwango cha PDF kinaruhusu vilevile mabadiliko yaongezwe mwishoni mwa faili bila kuyagusa yaliyotangulia. Huo ni uhariri wa heshima, kwa sababu toleo la awali linabaki baiti kwa baiti na linaweza kurejeshwa, lakini kwa sababu hiyohiyo haufai pale ambapo lengo ni kufuta siri.

Uongezaji huo ndio unaotufikisha kwenye saini. Saini ya kidijitali katika PDF hutaja sehemu za faili inazozilinda, kwa kawaida faili lote isipokuwa nafasi ya saini yenyewe. Ukiandika upya faili, saini imevunjika. Ukiongeza mwishoni, saini bado ni halali kwa toleo lililosainiwa, na ni jukumu la kisomaji kumweleza mtumiaji kwamba kuna kilichoongezwa baadaye na kama kiliruhusiwa. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr kilichopo Bochum, Ujerumani, walionyesha jinsi jukumu hilo lilivyokuwa likitekelezwa vibaya: kati ya visomaji 22 vya kompyuta walivyovijaribu, 21 viliweza kudanganywa vioneshe saini kuwa halali juu ya maandishi yaliyobadilishwa. Watengenezaji walitoa marekebisho, lakini funzo kwa mhariri linabaki. Mtu anayeahidi kuhariri hati iliyosainiwa na kuiacha saini ikiwa hai anaahidi jambo ambalo, likifanikiwa, ni kughushi. Hati ya namna hiyo inafutwa rasmi na nyingine inatolewa na kusainiwa upya na mwenye mamlaka, hata kama kosa ni nukta moja.

Hati zilizoskaniwa ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa ndani yake hamna herufi bali picha. Programu ya kutambua maandishi huweka juu ya picha tabaka la herufi zisizochorwa, ambalo ndilo linalomwezesha mtu kutafuta neno. Anayelibadilisha tabaka hilo hajabadilisha picha, na anayeirekebisha picha hajaligusa tabaka. Hata picha si shahidi wa kuaminika moja kwa moja. Mwaka 2013 David Kriesel, mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, aligundua kwamba baadhi ya mashine za Xerox WorkCentre zilikuwa zikibadilisha tarakimu wakati wa kuskani: ramani ya jengo yenye vyumba vya mita za mraba 14.13, 21.11 na 17.42 ilitoka ikionyesha 14.13 katika vyumba vyote vitatu, kwa sababu mbinu ya kubana picha ilivihesabu vipande vinavyofanana kuwa kitu kimoja. Nakala ilikuwa safi, imenyooka, mpangilio wake haukutikisika hata kidogo, na namba zake zilikuwa za uongo.

Wapo pia wasomaji, kama wasioona, ambao sura ya ukurasa haiwahusu. PDF iliyoandaliwa vizuri hubeba lebo zinazosema hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hii ni seli ya jedwali, na kwa mpangilio gani visomwe. Kiwango cha PDF/UA, kilichotolewa mwaka 2012, kimejengwa juu ya lebo hizo. Programu inapofuta maandishi na kuandika mapya, maandishi mapya kwa kawaida hayaingii kwenye mti wa lebo, na kisoma skrini kinaruka jina la mhitimu au kinalisoma mwisho wa ukurasa baada ya anwani ya chuo. Ajabu ni kwamba mapungufu haya hayamo kabisa katika mazungumzo kuhusu kuhifadhi mpangilio, kana kwamba mpangilio wa kusoma si mpangilio.

Ndiyo maana ukaguzi wa kazi hii hauwezi kuachiwa macho. Kila faili ligeuzwe picha kabla na baada ya uhariri, picha mbili zilinganishwe nukta kwa nukta, na tofauti ionekane mahali palipokusudiwa tu. Kisha maandishi yatolewe kutoka matoleo yote mawili na kulinganishwa vilevile, ili ijulikane kwamba neno la zamani limetoka na hakuna jingine lililoondoka nalo. Kazi hiyo ni ya mistari michache ya msimbo, na hakuna sababu ya kuiruka. Leseni nazo ziangaliwe mapema: MuPDF, ambayo PyMuPDF imejengwa juu yake, na iText hutolewa kwa leseni ya AGPL au kwa malipo, na kampuni inayojenga huduma ya mtandaoni juu yake bila kulipa inawajibika kuutoa msimbo wake kwa watumiaji, ilhali maktaba za pypdf, PDFBox na pdf-lib hazina sharti hilo.

Hata hivyo, yote niliyoyaeleza ni matibabu ya ugonjwa ambao kwa sehemu kubwa tunajiletea wenyewe. Vyeti, ankara na barua za uteuzi huzalishwa kutokana na kiolezo na orodha ya majina, na mahali pa kurekebisha kosa ni pale kwenye kiolezo au kwenye orodha. PDF mpya ikizalishwa kutoka huko, katikati inahesabiwa upya, fonti inaingizwa na herufi zote zinazohitajika, lebo zinapangwa, na hakuna kinachokisiwa. Pale ambapo kinachobadilika kinajulikana tangu mwanzo, kama jina, tarehe na kiasi cha fedha, sehemu za fomu zilizowekwa na mbuni wa hati huipa programu mahali halali pa kuandika, mradi sura ya kila sehemu itengenezwe upya baada ya kujazwa, kwa kuwa baadhi ya visomaji vya simu huonyesha sehemu tupu pasipo sura hiyo. Fomu za aina ya XFA ziachwe, maana toleo la PDF 2.0 limeziondoa katika matumizi yanayopendekezwa.

Na kwa ofisi zinazopoteza faili asilia kila mfanyakazi anapohama, ufumbuzi upo tayari na haugharimu chochote. LibreOffice, programu ya bure ya kuandaa hati, inapotoa PDF ina chaguo la kuliambatisha faili asilia, la aina yake ya ODF, ndani ya PDF ileile. Anayeifungua kwa kisomaji cha kawaida anaona PDF kama nyingine yoyote, na anayeifungua kwa LibreOffice anapata hati kamili yenye aya na mitindo yake, tayari kuhaririwa. Kiwango cha PDF/A-3 cha mwaka 2012 kinaruhusu faili la aina yoyote kuambatishwa kwa njia hiyo katika hati za kumbukumbu za muda mrefu, na Ujerumani imekitumia kuunda ankara za ZUGFeRD, ambazo binadamu husoma ukurasa na mashine husoma data ya XML iliyofichwa ndani yake. Kwa nakala ya ndani ya ofisi, naona hili lifanywe kuwa utaratibu wa kawaida. Kwa nakala inayotoka nje, faili asilia lisafishwe kwanza maoni ya wahariri na historia ya marekebisho, au lisiambatishwe, kwa sababu mpokeaji atakayelifungua atayaona yote.